RAV4, mawe ya Goma na matope ya Mushaki: ninunue tairi zipi?

MamaJibini

Jambo yenu bandugu. Naomba mawazo ya watu wanaoendesha humu Goma. Muuza tairi nimeshamsikia vya kutosha.

Nina RAV4 ya 2004, inavuta magurudumu yote manne, tairi zake ni 215/70R16. Naishi Ndosho. Kila Alhamisi, njia ikiwa wazi, napanda Mushaki kuchukua jibini, na Ijumaa nazigawa madukani Himbi na Birere. Kwa wiki moja gari langu linaona lami kidogo, mawe ya volkano mengi, na ule udongo mwekundu wa milima ya Masisi ambao mvua ikipiga unageuka sabuni.

Tangu Pasaka nimepoteza tairi tatu. Hakuna hata moja iliyokufa kwa kipara. Zote zimechanika ubavuni, meno yake bado mazuri. Ya mwisho ilinikuta mita mia mbili kutoka nyumbani, saa moja jioni, na jibini 46 nyuma. Nilikuwa natambaa kabisa, nampisha mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyebeba viazi, nikakanyaga pembeni pale jiwe lilipochomoza. Sikusikia mshindo, nilisikia tu upepo unatoka taratibu. Niliposhuka na taa ya simu nikaona mpasuko mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na nyuzi nyeupe zinachungulia ndani. Kwado, fundi wa kuziba tairi, wa pale kona alitia kidole, akakitoa, akaniambia, "Mama, hii haiponi tena."

Sasa nataka kubadilisha zote. Muuzaji ameniwekea aina tatu. Mpya za misimu yote. Mpya za njia zote, zile za A/T, ambazo bei yake inazidi karibu nusu. Halafu zilizotumika kutoka Japani, meno marefu kuliko zote, bei nafuu kabisa, ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Shemeji yangu ananisukuma nichukue A/T mbili tu, niziweke nyuma. Mafuta pia nayahesabu, jibini haina faida kubwa hivyo. Nifanye nini?

SakeExpress

A/T, mama. Hapo Mushaki niliteleza na tairi za lami mpaka nikalala mtaroni na abiria sita ndani. Tangu nifunge A/T sijavutwa tena na kamba. Kelele utaizoea.

KwadoMabanga

Mama, pole kwa zile tatu. Nipe nafasi nikueleze polepole.

Kazi ya kwado naifanya hapa Mabanga tangu mwaka uliofuata volkano ya 2002. Ninayokuambia nimeyaona kwa kisu. Tairi zikifa hatuzitupi, watu wa chukudu wanakuja kutafuta mpira wa kuvisha magurudumu yao ya mbao, na mimi ndiye ninayewakatia. Kuna tairi za misimu yote ambazo kisu kinapita ubavuni kama kwenye ganda la ndizi: mpira mwembamba, safu moja ya nyuzi, basi. Na kuna A/T moja ilinimaliza nusu ya asubuhi, nikanoa kisu mara mbili. Ubavu wake ulikuwa na safu tatu, mpira wa juu mnene, na meno yalikuwa yameshuka mpaka begani, pale tairi inapokunja kuelekea ubavuni. Jiwe linakutana na jino la bega kwanza, kabla ya kufika kwenye nyuzi.

Ndiyo maana mteja akija kwangu namwambia asianze na meno. Wote wanainama, wanaingiza kidole kwenye mifereji, wanasema hii bado mpya. Wewe umejionea, tairi zako zimekufa na meno yake. Jiwe la mtoni maji yamelilamba likawa laini. Hili letu liliganda na mapovu ya hewa ndani yake, likivunjika linaacha kingo kama za chupa. Chini ya meno tairi yako ina mikanda ya nyuzi za chuma, jiwe linapata kazi kupita hapo. Ubavuni hakuna mikanda hiyo, ni nyuzi za poliesta peke yake. Na ubavu ukichanika haushonwi, kwa sababu unajikunja kila gurudumu linapozunguka. Kiraka kitabanduka, na kitabanduka ukiwa mbio. Huyo kwado wa kona alikuambia ukweli, wengine wangekula pesa yako.

Kwa hiyo ukifika dukani, chuchumaa usome yale maandishi madogo karibu na janti, ile rimu ya chuma. Kwenye tairi nyingi utaona neno SIDEWALL na namba kabla ya PLIES. Hizo ni safu za ubavu. Ikiwa 1, iache hapo hapo. 2 inatosha RAV4. 3 ni bora zaidi, lakini mara nyingi utaikuta kwenye tairi zinazoanza na herufi LT, zilizotengenezwa kwa magari ya mizigo. Hizo ni nzito, ni ngumu, na zinataka upepo zaidi ili zibebe uzito uleule. Kwa gari dogo kama lako mgongo wako utalalamika na mafuta yatapungua haraka. Mimi ningechukua A/T ya kawaida yenye safu 2.

Hizo za Japani usiziguse hata akikupa bure. STUDLESS ni tairi za theluji na barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya digrii 7, na Goma haijui baridi hiyo. Hapa zinaisha kama kifutio cha mwanafunzi. Yale meno marefu yanayokuvutia, yaangalie kwa karibu: yamechanjwa vimistari vyembamba kama nywele ili yashike barafu. Mawe yetu yanayanyofoa kipande kwa kipande. Nilimfungia mwalimu mmoja nne za namna hiyo, nikamwonya, akaniona nataka kumuuzia zangu. Alirudi kabla shule hazijafungwa. Niliumia kuziona.

Na hilo jina, misimu yote, wengi linawapoteza. Misimu inayosemwa ni ya Ulaya na Marekani, joto lao na theluji yao. Hawakufikiria mvua yetu na kiangazi chetu. Herufi M+S ni matope na theluji, sawa, lakini zinaeleza tu jinsi mifereji ilivyopangwa, hakuna jaribio lolote lililofanywa. Mchoro wa mlima wenye alama ya theluji ndani, huo ndio umepita jaribio, na jaribio lenyewe ni la theluji.

Shemeji yako mwambie hapana, kwa heshima. Gari lako linavuta nne wakati wote. Za nyuma zikiwa na kimo tofauti na za mbele, magurudumu hayazunguki sawa, na difrensha ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inahangaika bila kupumzika mpaka inakufa. Nne, za aina moja, siku moja.

Na usisahau umri. Tafuta herufi DOT, halafu tarakimu nne za mwisho. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kuna tairi zinaitwa mpya, karatasi bado imebandikwa, kumbe zimelala stoo mpaka mpira umekauka.

HimbiKigali

Kwado amesema vizuri kuhusu ubavu, sina la kumpinga kwa mama huyu. Ila nawaandikia wale watakaosoma hapa na magari yao hayatoki kwenye lami. Mimi naishi Himbi, nashinda mjini, na mara mbili kwa mwezi navuka mpaka kwenda Kigali. Nilifunga A/T kwa sababu gari lilipendeza macho. Mvua ya kwanza, kwenye mteremko, nilikanyaga breki gari likaendelea kwenda mpaka nikaona taa za nyuma za basi zinajaa kioo changu. Lilisimama, Mungu mwema. Meno makubwa yenye nafasi pana yanaacha mpira kidogo unaoshika lami, na kwenye lami iliyolowa nyingi zinachelewa kusimama kuliko tairi za barabarani. Nilirudi kwenye misimu yote na sijajuta. Mama, wewe chukua A/T kweli, lakini siku ya mvua kwenye lami acha nafasi kubwa kwa aliye mbele yako.

MamaJibini

Aksanti sana nyote. Leo nimechuchumaa dukani kama alivyosema Papa Kwado, muuzaji akaniuliza nimepoteza nini. Zile za misimu yote: 1. Za A/T: 2. Nimefurahi kuona kwa macho yangu. Tatizo, A/T alizonazo ni 225/70R16, yangu ni 215. Zitaingia? Na swali la pili: kule Mushaki vijana wananiambia nipunguze upepo ili gari lishike matope. Nafanya hivyo siku zote. Ni sawa?

KwadoMabanga

Zinazidi kimo kwa milimita 14, yaani asilimia 2. Saa ya gari ikikuonyesha 60, wewe uko kama 61. Janti zako zinazikubali. Kabla ya kulipa, mwambie afunge mbili za mbele, watu wawili wakae viti vya mbele, ukate usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, ukisogea polepole, madirisha wazi. Utasikia kama zinasugua. Angalia pia namba ya uzito inayofuata kipimo. 100 maana yake kila tairi inabeba kilo 800. Usikubali chini ya hapo, na jibini zako nyuma.

Hilo la upepo, mama, hapo ndipo nimeshtuka. Kwenye matope vijana wana haki: ukishuka kutoka bar 2.2 mpaka kama 1.7 tairi inatandaza mguu wake, inashika. Lakini unateremka mpaka Sake halafu unaingia kwenye mawe na upepo uleule? Tairi yenye upepo mdogo inafura tumbo ubavuni, linatoka nje ya meno, na hilo tumbo ndilo unalolipitisha kwenye jiwe. Zile tatu, ulipima upepo lini kabla hazijachanika?

MamaJibini

Sikupima. Papa, ninakuambia ukweli, hata moja. Nilikuwa nashusha upepo Mushaki asubuhi, napakia, nateremka, nafika Ndosho usiku na tairi laini vilevile. Wote wamenionyesha namna ya kupunguza, hakuna aliyeniambia nirudishe.

MamaJibini

Narudi kuwaeleza. Nimefunga A/T nne Jumatano, DOT zote zinasoma 3123. Upande wa kulia ilisugua kidogo plastiki ya ndani nikikata usukani wote, fundi akapunguza kipande kama upana wa vidole viwili, imenyamaza. Nimenunua pia pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari na kipimo cha upepo.

Alhamisi nimepanda. Ile kona juu ya Sake ambapo siku zote nasukumwa, nilipita peke yangu, gia ya pili, bila kelele ya injini. Kurudi nilisimama Sake dakika 25, tairi moja baada ya nyingine, pampu inalia, jibini nimezifunika majani ya ndizi kwa sababu ya jua, watoto wamenizunguka wanahesabu namba za kipimo kwa sauti. 2.2 zote nne. Kelele ipo, inaanza nikifika 50, kama nyuki mbali. Mafuta nitayajua mwisho wa mwezi.

Zile za zamani kijana wa chukudu amekuja kuzichukua. Nimemwomba anikatie kipande cha ubavu, kama kiganja, nimekiweka ndani ya gari. Shemeji akipanda namwonyesha zile nyuzi.