Grinda ya inchi nne na nusu, kimashine cha kuchongea, au ya betri: ipi kwa karakana ndogo ya mbao?

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu baridi imeanza kung'ata, naandika nikiwa na blanketi mabegani.

Natengeneza vibao vya majina ya nyumba, vijiko na stuli ndogo. Mbao si shida, shamba la miti la Sao Hill tunalala nalo mlango mmoja, mabaki ya misindano na milingoti nayapata kwa bei ya kutupa. Shida ni mikono. Mpaka leo kazi yote ni patasi, tupa na msasa, mama ananishikia ubao. Stuli zenye miguu ya chuma ndizo zinaniua kabisa, maana bomba la mraba nalikata kwa msumeno wa chuma na asubuhi nzima inaishia kwenye bomba nne.

Nina kama laki mbili. Naona njia tatu: grinda ya kawaida ya inchi nne na nusu yenye waya, kile kimashine chembamba kama kalamu nene chenye vibita vingi kwenye kisanduku, au nivumilie niongeze pesa nichukue grinda ya betri. Jirani yangu anasema ninunue grinda, nifunge msumeno wake wa duara, basi, chuma na mbao vyote vimekwisha. Mnasemaje?

Fundi wa Uyole

Mkuu, jirani yako anakupenda lakini ushauri wake hapana.

Mimi nachomelea mageti miaka kumi na tano sasa na grinda ndiyo mkono wangu wa tatu. Nina alama chini ya sikio la kushoto, nitakwambia ilivyopatikana. Tulikuwa na grinda kubwa ya inchi tisa. Jiwe lake, ile sahani ya kukatia, likishaliwa likawa dogo, hatukulitupa, tulilihamishia kwenye grinda ndogo. Tundu ni lile lile, milimita 22 na ushei, linaingia kama limezaliwa hapo. Ila kava inagoma, kwa hiyo kava tunaifungua na kuitupa kwenye kona. Tuliiita kubana matumizi. Siku moja nakata nondo, nikasikia mlio kama tairi limepasuka, kisha joto shingoni. Jiwe lilikuwa limegawanyika vipande vitatu. Kimoja tulikikuta kimezama kwenye mlango wa mbao hatua sita nyuma yangu.

Kwa bomba zako grinda ndogo inafaa sana. Lakini kava ikae, mkono wa pembeni ukae, na mawe ya mashine nyingine usiyaguse.

Nguvu Kazi (Makambako)

Jamani mnamtisha mtu bure. Mimi nafunga msumeno wa duara kwenye grinda mwaka wa tatu huu, napasua mbao za misindano kama siagi. Kikubwa ni kushika kwa nguvu. Mkiogopa kila kitu mtakula nini?

Mzee Tupa (Iringa)

Kamweneee. Nilifundisha ufundi kabla ya kustaafu, mnivumilie, nitaandika hesabu.

Kijana wa Makambako, nguvu ya mkono haimo kwenye hesabu hii. Grinda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Jiwe la milimita 115, ndiyo inchi nne na nusu, lina mzingo wa sentimita 36. Zidisha: ukingo wake unakwenda kilomita 238 kwa saa. Mawe ya kawaida ya kukatia yametengenezwa yavumilie ukingo wa mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Ndiyo maana jiwe la 115 limeandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika, na lile la inchi tisa limeandikwa 6,650 tu. Kubwa, namba ndogo. Dogo, namba kubwa.

Sasa chukua jiwe jipya la inchi tisa ulifunge kwenye mashine ya 11,000. Ukingo utakimbia kilomita 477 kwa saa, na nguvu inayolivuta ligawanyike itakuwa karibu mara tatu ya ile iliyokusudiwa. Lililoliwa mzigo wake hupungua kidogo, lakini namba iliyoandikwa juu haibadiliki kwa kuwa jiwe limechakaa, na nyavu zake za ndani zimeshapata joto na kugongwa miezi mingi. Fundi wa Uyole alipata bahati.

Msumeno wa duara ni balaa la aina nyingine. Wenyewe unatarajia mashine ya taratibu zaidi, yenye kitako kinacholala juu ya ubao na kava inayofunika meno. Grinda haina kitako. Jino likikamata fundo la mbao haling'oi fundo, linarusha mashine, na mashine inarudi kwa aliyeishika, mara nyingi mapajani au shingoni. Miaka mitatu bila ajali inaonyesha tu kwamba fundo lako bado lipo msituni linakua.

Nguvu Kazi (Makambako)

Mzee shikamoo. Hilo la fundo limeniingia. Ila bado nasema wengi wanatumia.

Mzee Tupa (Iringa)

Marahaba mwanangu. Na wengi nimewafundisha kuandika kwa mkono wa kushoto baada ya hapo.

Mwaisa wa Tukuyu

Mimi naongezea kitu ambacho watu wa mikoa mikavu hawakijui. Mawe haya yameshikwa na gundi, na gundi hiyo haipendi unyevu. Huku kwetu mvua haina likizo. Nilikuwa naacha mawe sakafuni kwenye karakana ya saruji, yamelala ubavu mmoja. Nikiyafunga grinda inatetemeka mpaka meno yanagongana. Kumbe upande wa chini umenyonya maji, jiwe limekuwa zito upande mmoja. Sasa nayaweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta.

Halafu angalieni ile pete ya chuma katikati ya jiwe. Mengi yamegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Watu wanasoma tarehe kwenye maziwa, kwenye jiwe hawasomi. Duka moja hapa waliniuzia boksi zima lililopitwa na mwaka mmoja na nusu, niliporudisha wakaniambia "jiwe haliozi".

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

Asanteni sana, mimi ni dada kwa taarifa tu, msinipe ukuu. Sasa kile kimashine kidogo? Kina mizunguko 35,000 imeandikwa kwenye boksi, mara tatu ya grinda. Si ndicho cha hatari zaidi?

Vibuyu na Shanga (Iringa mjini)

Dada, hapo ndipo ninapopajua, nachora vibuyu na mbao kwa kimashine hicho kila siku.

Mizunguko ni mingi lakini bita ni ndogo kama punje ya ulezi, nguvu yake haifiki ya grinda. Kinaweza kukuchana kidole, kukuvunja mkono ni vigumu. Kwa herufi za vibao hakuna mfano. Lakini kina visa vyake. Bita inaingia kwenye kikoleo cha mbele, na ukiacha shina refu limetokeza nje, kwenye mwendo mkubwa linapinda ghafla na kuanza kuchapa kama fimbo. Nilifanya hivyo mara moja ili nifikie ndani ya kibuyu. Bita ilipinda nyuzi tisini, ikakatika, sijaiona mpaka leo. Sukuma shina ndani, acha kipande kifupi tu.

Mwendo nao. Watu wanafungulia mwisho. Mbao ya msindano kwa mwendo wa mwisho inaungua, unaona mstari mweusi na harufu ya utomvu, na utomvu wenyewe unaziba meno ya bita, basi unakandamiza zaidi, basi inaungua zaidi. Punguza, pitisha mara nyingi kwa wepesi. Vile vibrashi vya waya vinavyokuja kwenye kisanduku visivuke 15,000, ukizidisha vinapukutisha nyuzi kama sindano. Nilizichomoa kwenye sweta, moja baada ya nyingine.

Kukata bomba kwa kimashine hiki sahau. Vijiwe vyake vyembamba kama biskuti, ukipindisha mkono kidogo tu kimevunjika.

Fundi wa Uyole

Sweta! Umenikumbusha. Dada, wewe uko Mafinga, mwezi wa sita na wa saba utavaa sweta, koti, skafu na kitenge juu. Vyote hivyo ni chakula cha grinda. Mwanafunzi wangu kamba ya kofia ya koti lake ilivutwa, mashine ikapanda kifuani. Alisalimika kwa sababu kava ilikuwepo na plagi ilichomoka. Vaa joto lako ndani, juu weka aproni ya ngozi au ovaroli ya pamba iliyofungwa vifungo. Koti la nailoni likipata cheche linayeyuka na kugandia ngozi.

Vibuyu na Shanga (Iringa mjini)

Na glavu je? Mimi kwenye kimashine sivai. Za kitambaa uzi wake unanaswa.

Fundi wa Uyole

Kwenye grinda mimi navaa za ngozi, zinazobana. Kwenye kimashine chako nakubaliana nawe, bora ubao ubanwe na vidole viwe mbali.

Mzee Tupa (Iringa)

Ndiyo, na hapo nina neno. Mama asishike ubao. Nimesoma hilo tangu juu na limenikera. Nunua jiliwa, hata kuukuu, au klempu mbili. Mtu anayeshika kazi anakaa pale pale jiwe linakorukia.

Ukikata bomba, bana upande mmoja na uache kile kipande kinachoondoka kining'inie hewani. Ukikiegemeza pande zote mbili, bomba linajikunja katikati, mdomo wa mkato unafumba na kulibana jiwe, hapo grinda inapiga teke. Simama pembeni ya mstari wa jiwe, usisimame nyuma yake. Na jiwe jembamba la kukatia usilitumie kusugua kwa ubavu, halikuumbwa kwa hilo, la kusugua ni lile nene la milimita sita.

Kinyonga wa Mwanjelwa (Mbeya)

Mmezungumza vidole, mimi nizungumze macho. Nilikuwa nakata kwa miwani ya jua. Chembe ilipita pembeni. Usiku jicho linatiririka, rafiki akanitolea kwa kijiti cha kiberiti, akasema imetoka. Siku ya tatu nikaenda hospitali, daktari akakuta chembe bado ipo na imeanza kutoa kutu ndani ya jicho, duara la kahawia. Walikwangua kutu yenyewe. Sitasahau ile sauti, ingawa nilipigwa ganzi. Miwani inayofunika pembeni, na ngao ya uso juu yake. Ikiingia usisugue, usimpe mtu kijiti, nenda siku hiyo hiyo.

Jogoo wa Betri (Tunduma)

Betri, dada. Haina waya wa kukata kwa bahati mbaya. Halafu kuna hili: grinda ya waya yenye swichi ya kufunga, umeme umekatika katikati ya kazi, umeiweka chini umeenda kunywa chai. Umeme unarudi. Mashine inaamka peke yake, inakimbia sakafuni kama panya aliyemwagiwa maji moto. Ilinitokea, ikakata ekstensheni yake yenyewe.

Fundi wa Uyole

Hiyo ni kweli, ila dawa yake ni kuzima swichi na kuchomoa plagi kila umeme ukikatika. Zipo pia zenye swichi ya kukandamiza, ukiachia inazima. Betri ni nzuri, lakini kwa laki mbili atapata mwili wa mashine bila betri, au betri itakayochoka kwenye bomba la tano. Na asubuhi za baridi betri huwa mvivu.

Mkata Mbao Mstaafu (Mafinga)

Wote mmepita pembeni ya jambo kubwa. Huyu ana karakana ya MBAO. Cheche za bomba na maranda ya msindano chumba kimoja! Cheche inaingia chini ya rundo la unga wa mbao, inakaa inafuka polepole, wewe umeshafunga mlango. Yangu iliungua saa nne usiku, nilikuwa nimeacha kazi saa kumi na mbili. Bomba zikatiwe nje, juu ya udongo, ndoo ya maji karibu, na nusu saa baadaye urudi uangalie tena. Grinda iliyotoka kwenye chuma usiiweke juu ya maranda, inaendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya kuzimwa.

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

Hili la moto sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilikuwa nimeshapanga pa kukatia, katikati ya chumba.

Nimeamua. Patasi naijua, herufi zitasubiri, kimashine nitanunua nikiuza stuli za kwanza. Sasa nachukua grinda ya waya yenye swichi ya kukandamiza, ngao ya uso na jiliwa kuukuu niliyoiona sokoni. Msumeno wa jirani nimemrudishia, amenuna.

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

Siku tisa baadaye. Ipo mezani. Sijachomeka, naogopa kidogo.

Mzee Tupa (Iringa)

Vizuri. Mashine imeandikwa ngapi?

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

11,000.

Mzee Tupa (Iringa)

Jiwe?

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

13,300. Pete ina tarehe, bado mwaka na miezi miwili. Nimeligonga kwa mpini wa bisibisi, halina ufa ninaouona. Kava inaangalia upande wangu. Mama yuko jikoni.

Mzee Tupa (Iringa)

Itoe nje, ielekeze mahali pasipo na mtu wala kuku, usikate kitu. Iwashe, iache izunguke bure dakika nzima, uisikilize.

Kijiko cha Msindano (Mafinga)

Imetulia. Haitetemeki.