Shingo imekaza, mkono unakufa ganzi usiku. Mimi fundi cherehani, naombeni ushauri

Sindano Kumi:
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nashona, fremu yangu iko Mbagala. Tangu tuanze sare za shule mwezi Desemba shingo imekaza upande wa kulia mpaka begani. Mtu akiniita nyuma nageuka mwili mzima.

Hilo ningelivumilia. Kinachoninyima usingizi ni mkono wa kulia. Saa nane usiku naamka vidole vina ganzi, vinachomachoma kama nimemenya pilipili, mpaka nikae kitandani niukung'ute. Asubuhi kushika mkasi ni kazi, na juzi kikombe cha chai kimeniponyoka. Nimepaka dawa ya kuchua, nimemeza diklofenaki za dukani siku kama kumi, zinatuliza saa mbili tatu halafu yale yale. Wateja wananipigia simu asubuhi na jioni, shule ndiyo hizo zinafunguliwa. Kuna cha kufanya nikiwa nyumbani?

Mtu wa Bandarini:
Pole dada. Hiyo ni feni. Ukilala feni inakupiga shingoni lazima uamke hivyo. Zima.

Kijana wa Posta:
Tafuta kinyozi anayejua kazi, akugeuze shingo kulia na kushoto, ilie kah! Mimi kila Jumamosi, nikitoka pale mwepesi kama karatasi.

Nesi wa Zamu:
Hapo kwa kinyozi hapana. Kuna mishipa ya damu inayopanda ubongoni ikipita ndani kabisa ya mifupa ya shingo. Shingo ikipindishwa kwa ghafla ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea kwa wachache, lakini kwa raha ya sekunde moja mimi sioni hesabu yake. Na feni haileti ganzi ya vidole.

Sindano, nijibu haya: ganzi iko vidole gani hasa? Kidole cha mwisho nacho? Una ujauzito? Umepima sukari na presha lini? Ukigeuza kichwa, maumivu yanashuka mkononi kama shoti ya umeme?

Sindano Kumi:
Gumba, cha shahada na cha kati. Cha pete nusu, upande ule wa cha kati. Cha mwisho kizima kabisa, wala sikuwahi kukitazama mpaka uliponiuliza! Ujauzito hapana, wa mwisho wangu yuko darasa la nne. Sukari sijapima, mama anayo. Shoti hakuna, shingo inauma kivyake.

Nesi wa Zamu:
Asante, hapo umenirahisishia. Inaelekea una mambo mawili, si moja.

La mkono. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna kijinjia chembamba. Humo zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja inayohudumia vidole vile vile ulivyovitaja. Kano zikivimba kwa kazi ya kubana mkasi kutwa, neva inakosa nafasi. Usiku tunalala tumekunja kifundo, inabanwa zaidi, ndiyo maana ukikung'uta unapata nafuu. Ingekuwa kidole cha mwisho, ningeangalia kwenye kiwiko au shingoni kwanza.

Dawa yake ya kwanza ya nyumbani ni kulala kifundo kimenyooka. Maduka ya vifaa tiba yana kifaa cha kuvaa. Huna hela, kata boksi gumu lianzie katikati ya kiganja hadi katikati ya kifundo na kiwiko, funga na bandeji ya kuvutika. Vidole vibaki huru, na usikaze. Vaa kila usiku wiki sita, usiache siku ya nne ukasema haifanyi kazi.

La shingo. Kichwa kina uzito wa kama kilo tano, na wewe unakiinamisha kutwa. Kaa wima, rudisha kidevu nyuma kama unatengeneza kidevu cha pili, hesabu tano, achia. Mara kumi, kila baada ya sare mbili tatu. Na lala na mto mmoja.

Diklofenaki acha kwanza upime presha. Zinapandisha presha, zinachokoza vidonda vya tumbo na kuchosha figo. Maumivu yakizidi, parasetamo mbili za miligramu 500, zisizidi nane kwa saa 24.

Mama Ubani:
Na taulo la maji ya moto mwanangu, robo saa jioni. Sisi tumelelewa hivyo.

Nesi wa Zamu:
Shingoni sawa mama. Mkononi hapana, penye ganzi mtu anaungua bila kusikia.

Kijana wa Posta:
Miaka sita nageuzwa shingo na niko hapa naandika.

Fundi Mstaafu:
Nesi kasema ya mwili, niseme ya kazi, nimeshona miaka 31. Binti, cherehani yako ya miguu au ya mota?

Sindano Kumi:
Ya mota, baba. Meza fupi, niliinunua kwa mtu.

Fundi Mstaafu:
Ndiyo mchawi wako huyo. Pedeli ya mota iko sakafuni, haifungwi na meza, basi inua meza kwa matofali mpaka usilazimike kuinama kuiona sindano. Miguu ya nyuma iinuke kidogo kuliko ya mbele, kitambaa kikujie usoni. Taa ndogo iwe karibu na sindano, wengi tunainama kwa sababu ya giza tu. Kukata, usikatie chini kwenye mkeka. Tafuta meza ya kufika kiunoni. Mkasi upeleke ukanolewe, na kama ulikuwa unakata sketi nane kwa pamoja, kata nne. Utachelewa kidogo, lakini mkono utakuwa nao.

Nesi wa Zamu:
Nilisahau kile kikombe. Sindano, weka viganja viwili pamoja, tazama nyama iliyo chini ya gumba. Ya kulia ikiwa imesinyaa, au vitu vikiendelea kukuponyoka, usingoje wiki sita, nenda hospitali. Na miguu ikianza kuyumba, mkojo ukikushinda kuuzuia, au shingo ikakaza pamoja na homa, hiyo ni kwenda siku hiyo hiyo.

Sindano Kumi (wiki mbili baadaye):
Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Sukari kabla ya kula 5.2, nashukuru. Presha ndiyo imenishtua, 152 kwa 96! Wameniambia nisiguse tena diklofenaki, nirudi kupimwa. Na boksi la mkono naamka mara moja kwa usiku, zamani nne. Shingo inageuka, bado si yote. Lakini nyama ya gumba nikilinganisha naona kama ya kulia imepungua, kwa hiyo Alhamisi nafunga fremu naenda.

Baba Fundi, matofali nimeweka ila mota ikishika kasi meza inacheza.

Fundi Mstaafu:
Kata vipande vya tairi kuukuu, weka juu ya kila tofali chini ya mguu wa meza. Itatulia.