Naomba ushauri: nimemzuia mzee wetu kuhariri ukurasa wa jina la Dodoma, sasa kundi linavunjika

Mwl_Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi.

Leo ni siku ya tatu silali vizuri. Mwaka juzi tulianza watu wanne kuandika kamusi elezo ya mtandaoni ya mkoa wetu: vijiji, koo, ngoma, visima, shule za zamani. Sasa tuko kumi na wanne. Tunatumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, kwenye seva tunayoilipia kwa kuchangishana. Kila mwanachama anaweza kuhariri ukurasa wowote. Mimi ndiye mkabidhi, na ni mimi peke yangu ninayeweza kufunga ukurasa au kumzuia mtu. Kanuni yetu ni moja tu, iko juu ya ukurasa wa mwanzo: "Tuheshimiane na tuandike ukweli."

Ugomvi umeanzia kwenye ukurasa wa asili ya jina Dodoma. Kijana wetu mmoja wa chuo aliandika habari ya tembo aliyekwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Mzee wetu wa Hombolo, ambaye ndiye mkubwa kuliko sote, akaifuta. Yeye aliyoyasikia kwao ni mengine: watu wa huku walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia, wakaichomeka kwenye tope. Wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia: ng'ombe wenu ndio hawa, wamezama. Kijana akarudisha tembo. Mzee akafuta. Nilipofungua historia ya ukurasa nilikuta mabadiliko 19 kati ya saa tatu usiku na saa sita kasoro. Na mzee hachapi mwenyewe. Yeye husema, mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayechapa kwenye simu. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa macho muda wote huo.

Mimi habari ya tembo ndiyo niliyofundishwa na ndiyo ninayofundisha. Nikaurudisha ukurasa kwa tembo, nikaufunga, nikamzuia mzee kwa wiki moja. Asubuhi akanipigia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nimezuiwa na nani?" Nyuma yake nasikia mbuzi. Nikakosa la kumjibu.

Tangu hapo watu wanne wamejitoa. Nikimfungulia leo, si wengine wataona kanuni hazina meno? Na hizo kanuni zenyewe ziweje?

Zuzu_Kwetu
Mfungulie kwanza, mengine yafuate. Wiki nzima bila hata onyo moja ni nyingi mno kwa mtu yeyote, sembuse huyo.

Mhariri_wa_Kikuyu
Mwalimu, nimehariri Wikipedia ya Kiswahili kwa muda, na kidogo ile ya Kiingereza. Umekosea mahali pawili, na hata kosa moja kati ya hayo halimhusu tembo.

Kwanza, ulikuwa na upande. Umesema mwenyewe kwamba unaamini tembo. Halafu ukachukua funguo ukafungia tembo ndani. Hiyo ni kesi ya nyani kuhukumiwa na ngedere. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, mkabidhi anayeshiriki ubishi hatakiwi kutumia madaraka yake kwenye ubishi huohuo. Anamwita mwenzake asiyehusika. Na kwa kawaida ukurasa ukifungwa kwa sababu ya ugomvi, unafungwa jinsi ulivyokutwa, hata kama maandishi yaliyokutwa humo hayamridhishi mfungaji. Kundi lenye mkabidhi mmoja haliwezi kufanya hivyo. Chagueni watatu.

Pili, hamkuwa na kanuni ya mwenendo. "Tuheshimiane" ni neno zuri la kufungulia mkutano, lakini usiku ule kila mmoja wao alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyekosa heshima. Kanuni inayofaa ni ile ambayo mtu asiyewajua kabisa, akiifungua historia ya ukurasa, anaweza kuhesabu. Wikipedia ya Kiingereza wanayo kanuni ya mara tatu: mtu hatengui kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Haiulizi mwenye haki ni nani. Ukitengua mara ya nne umeivunja, hata kama unachokirudisha ni kweli tupu.

Sasa nikuulize: kijana naye alitengua mara ngapi?

Mwl_Nkuhungu
Nimekwenda kuhesabu. Mara nane. Sikumgusa.

Mhariri_wa_Kikuyu
Ndiyo sababu wale wanne wamekuacha. Mzee akijitetea atakuwa na haki.

Kuhusu yaliyomo: Wikipedia iliyoanza 2001 na ya Kiswahili iliyofuata 2003 zinashika msingi wa kutoegemea upande. Mkiwa na masimulizi mawili yanayojulikana, ukurasa hauamui lipi ni la kweli. Unasema yapo mawili, unayaeleza yote, unataja kila moja limetoka wapi. Na hapa mna bahati kubwa: neno ni lilelile, na kuzama ni kulekule. Kinachobishaniwa ni nani alizama.

Ramani_Chamwino
Sisi tunaochora OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, tuna jambo kama hilo kila siku. Mtaa una jina moja kwenye kibao, wenyeji wanauita jina lingine, wazee wana la tatu. Kanuni yetu ni kwamba kinachoonekana pale mtaani ndicho kinachoandikwa mbele. Lakini jina la zamani halitupwi, lina sehemu yake maalumu, na jina la pili nalo lina yake. Ugomvi mwingi huisha mtu akiona jina lake lina mahali pa kukaa.

Bibi_Mpwapwa
Mwanangu mwalimu, kanuni ziwe sawa kwa wote, sibishi. Ila njia ya kuzifikisha haiwezi kuwa moja. Mzee wa Hombolo huwezi kumpelekea adhabu kwa ujumbe wa mashine, tena usomwe kwa sauti na mjukuu wake. Fikiria huyo mtoto alivyomsomea babu yake, "umezuiwa". Mtume mtu wa rika lake aende akae naye. Wewe mwenyewe uende pia, na usiende mikono mitupu.

kijana_wa_UDOM
Bibi shikamoo. Naomba nitofautiane kidogo. Tukianza kusema huyu ni mzee apewe njia yake, kesho mwenye cheo atataka yake. Onyo liandikwe kwenye ukurasa wa majadiliano kama kwa mtu mwingine yeyote, mbele ya wote.

Bibi_Mpwapwa
Marahaba mwanangu. Liandikwe, ndiyo. Ila lisiwe ndilo la kwanza kumfikia.

Msitu_wa_Mgori
Nilifanya kazi ya misitu Singida miaka ya 1990, wakati vijiji vya Mgori vilipoanza kuulinda msitu wao wenyewe. Kanuni zilitungwa kijijini, walinzi walitoka kijijini, na ndiyo iliyofanya zishikwe. Mtu akikamatwa na mzigo wa miti hakuweza kusema sheria hii imeletwa na watu wa mjini, kwa sababu naye alikuwapo mkutanoni.

Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alisoma jamii nyingi za namna hiyo: misitu, mifereji, maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba pale mali ya pamoja ilipodumu miaka mingi, adhabu huanza ndogo na hupanda kadiri mtu anavyorudia. Kosa la kwanza kwa kawaida ni kuambiwa tu kwamba umeonekana. Wewe umeanzia darini. Weka ngazi: kukumbushwa, onyo la maandishi, siku moja, ndipo wiki. Na wote kumi na wanne wazipitishe, wakiwemo wale wanne waliojitoa.

Zuzu_Kwetu
Kuna swali hamjaligusa. Mzee hana kitabu, chanzo chake ni mdomo. Si atasema kanuni zote hizi zimetungwa kwa ajili ya wenye vitabu?

Mhariri_wa_Kikuyu
Atakuwa amegusa penyewe. Wikipedia inataka kila jambo lithibitishwe kwa kilichochapishwa, na hapo masimulizi yetu mengi hubaki nje ya mlango. Mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu ili zitumike kama vyanzo, na haikukubaliwa kirahisi. Lakini ninyi si Wikipedia. Mnaweza kuamua kwamba simulizi lililorekodiwa, lenye jina la msimuliaji, mahali na tarehe, ni chanzo halali. Jambo hilo lisemwe wazi kwenye kanuni, kijana asije akalifuta kesho kwa kudai halina marejeo.

Mwl_Nkuhungu
MREJESHO.

Nilimfungulia mzee usiku uleule. Jumamosi nikaenda Hombolo na mwalimu wangu mstaafu, wa rika lake, na kilo mbili za sukari. Nilimjibu swali lake: nilikuzuia mimi, na nilikuwa upande wa tembo. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu alete viti.

Tumekubaliana mambo haya, na Jumapili watu kumi na wawili wameyapitisha. Wawili kati ya wanne bado hawajarudi. Kutengua mwisho ni mara mbili kwa siku, kisha mnahamia ukurasa wa majadiliano. Wakabidhi ni watatu, na mwenye upande hagusi funguo. Ngazi ni zile za mzee wa Mgori. Baada ya saa tatu usiku hatubishani, hili amelitaka mzee mwenyewe kwa ajili ya mtoto. Kijana amepewa ukumbusho kama mzee, akapiga simu Hombolo bila kuambiwa na mtu.

Ukurasa sasa una masimulizi yote mawili. Kwenye lile la mikia, mzee alikataa liandikwe kwa jina lake peke yake. Anataka liandikwe kwamba alilisikia kwa mama yake, jioni, wakipukuchua uwele.

Nimemrekodi dakika 41. Faili ni kubwa, seva yetu inalikataa. Nani anajua namna ya kulipunguza bila kuharibu sauti?

Ramani_Chamwino
Lihifadhi kwa mfumo wa ogg, njia moja ya sauti badala ya mbili. Likikataa bado, nitumie nilikate vipande vitatu.