Nikiunganisha laptopu kwa hotspoti bando linayeyuka, nifanyeje?

Mgeni_Njiani: Wakuu, habari za muda huu. Nikitumia simu peke yake, bando la GB 5 linanifikisha mbali. Nikiwasha hotspoti kwa ajili ya laptopu, hata video sijafungua, GB 2 hizoo! Nilidhani kuna mtu anadandia, lakini kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa naona laptopu yangu tu. Simu nayo inachemka balaa. Windows 11.

kipanga: Simu haina kosa, mkuu. Laptopu ikiona waifai inajua imefika kwenye mtandao usio na kipimo, basi inajimwaga: apdeti za Windows, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapandisha mafaili, yote kimyakimya. Ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua jina la hotspoti yako, washa Metered connection. Apdeti nyingi zitasubiri, ingawa za dharura huweza kupenya. Ukibadilisha jina la hotspoti, washa tena Metered connection, maana Windows itaiona kama mtandao mwingine. Hapohapo kwenye Network, ndani ya Advanced network settings, kuna Data usage, angalia nani mlaji.

Bi_Waya: Kuhusu joto, simu inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaongea na mnara na inarusha waifai. Mimi waifai ya simu niliachana nayo, natumia waya wa USB. Simu inaingiza chaji na spidi haiyumbi. Ila uwe waya wa data, zile za kuchaji tu hazitakufikisha popote. Na Windows itausoma kama Ethernet (mtandao wa waya), kwa hiyo ile swichi ya kipanga uiwashe na huko, la sivyo utarudi hapa kulia.

dogo_janja: Tumia bluetooth, haili chaji sana.

Bi_Waya: Mdogo wangu, bluetooth ni ya kusoma barua pepe. Akifungua kurasa nzito atazeeka akisubiri.

Mgeni_Njiani: Shukrani sana. Mlaji ni OneDrive, kumbe picha zote za zamani zilikuwa zinapanda! Nimeisimamisha. La mwisho: mbona printa haiioni hotspoti kabisa, na laptopu inaiona?

kipanga: Hotspoti itakuwa iko kwenye bendi (masafa ya mawimbi) ya 5 GHz. Printa nyingi zinasoma 2.4 GHz tu. Badilisha bendi kwenye mipangilio ya hotspoti, kisha itafute tena.