Sekunde mraba ni mdudu gani? Na kwa nini simu iliyolala mezani inasoma 9.8 m/s²

mdadisi_usiku:
Wakuu habari za saa hizi. Mi na fizikia tuliachana zamani na hatukuachana vizuri, sasa juzi nimepakua programu inayosoma sensa zilizomo ndani ya simu, nikakuta sehemu imeandikwa mchapuko, namba zinacheza cheza kila ukitikisa. Nikailaza simu chali mezani, siigusi, namba ikatulia kwenye 9.8 m/s².

Sasa mi ninavyojua mchapuko ni kitu kubadilisha mwendo. Simu imelala, meza imetulia, nyumba haiendi popote. Inachapuka kuelekea wapi?

Na hiyo s yenye kijinamba 2 juu ndo inanimaliza kabisa. Mita mraba naielewa, nachukua chaki naichora sakafuni. Sekunde mraba naichora wapi?

Halafu la mwisho msinicheke, mizani inasema mi nina kilo 60, kitabu cha mdogo wangu kinasema uzito unapimwa kwa nyutoni. Nani anadanganya?

BwanaKilo:
Simu yako mbovu hiyo, kairekebishe sensa. Kitu kimetulia lazima isome 0. Na hayo ya nyutoni ni ya mitihani tu, mtaani hakuna mtu aliyewahi kuuliza nyutoni.

chaki_na_vumbi:
Simu sio mbovu, tutairudia. Tuanze na sekunde mraba maana hiyo ikikaa sawa mengine yanafunguka yenyewe.

Kosa ni kuitafuta ichorwe. Haichoreki. Hiyo 2 pale juu ni mkato wa kuandika tu, maneno yake halisi ni "mita kwa sekunde, kwa kila sekunde". Chukua gari inayotoka 0 hadi 100 km/h kwa sekunde 10. Kila sekunde inayopita mshale unapanda wastani wa 10 km/h, au sio? Basi mchapuko wake ni "kilomita 10 kwa saa, kwa kila sekunde". Umeona hapo muda umetajwa mara mbili, saa na sekunde, kwa sababu kuna maswali mawili tofauti: la kwanza unaenda mbio kiasi gani, la pili hizo mbio zinabadilika haraka kiasi gani. Sasa ukigeuza kilomita kuwa mita na saa kuwa sekunde, 100 km/h inakuwa kama 27.8 m/s, gawa kwa 10 unapata 2.78 m/s kwa kila sekunde. Sekunde zimejikuta mbili chini ya mstari, mwenye haraka akaandika s². Basi. Hakuna mraba wowote.

Kitu kikianguka bila kuzuiwa na hewa ni hivyo hivyo, sekunde ya kwanza ikiisha kina 9.8 m/s, ya pili 19.6, ya tatu 29.4. Kila sekunde kinaongezewa 9.8 nyingine.

mdadisi_usiku:
Aisee. Miaka yote hiyo hakuna aliyenisomea kile kizio kwa maneno, tulikuwa tunakikariri tu kama namba ya simu. Haya simu sasa.

chaki_na_vumbi:
Twende kwenye nyutoni kwanza, simu inapita humo humo.

Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni tungamo (zile kilo za kitu chenyewe) mara mchapuko, kwa hiyo kizio chake ni kilo mara mita gawanya sekunde mraba, kg·m/s². Ni refu kulitamka kila saa wakalipa jina moja, nyutoni. Jina lenyewe lilipitishwa na mkutano mkuu wa vipimo na mizani mwaka 1948, Newton mwenyewe alishakufa tangu 1727, kwa hiyo alimaliza maisha yake yote bila kupima kitu hata kimoja kwa nyutoni. Ukitaka kujua nyutoni 1 inajisikiaje mkononi, shika kitu cha gramu 100 na kidogo, ule mkandamizo unaousikia kiganjani ndo nyutoni 1.

Sasa angalia mchezo huu. Kama nyutoni ni kilo mara m/s², basi nyutoni ukiigawa kwa kilo inabaki nini? m/s². Yaani 9.8 m/s² na 9.8 N/kg ni kitu kile kile kimevaa nguo mbili. Ile ya kwanza inasoma "kitu kikiachiwa kinaongeza mwendo wa 9.8 kila sekunde". Ya pili inasoma "kila kilo 1 inavutwa kwa nyutoni 9.8". Simu yako mezani usiisome kwa sentensi ya kwanza, isome kwa ya pili: meza inaisukuma simu kwenda juu kwa nyutoni 9.8 kwa kila kilo ya simu, ili isianguke. Ndani ya hiyo sensa kuna kipande kidogo sana kimeshikiliwa na vispringi, na kinachopimwa ni jinsi hivyo vispringi vinavyobonyea. Mvutano wa dunia wenyewe haukibonyezi kwa sababu unavuta vyote kwa pamoja, simu na kipande chake. Kinachobonyeza ni meza.

Huamini? Weka programu ichore grafu, iachie simu ianguke juu ya godoro kutoka kama mita 1. Una chini kidogo ya nusu sekunde ya kuangalia.

BwanaKilo:
Ikipasuka usije hapa kulia.

mdadisi_usiku:
Nimerudi, haijapasuka. Jamani! Ilipokuwa mkononi 9.8, nilipoiachia grafu ikashuka mpaka karibu na 0, halafu ilipogonga godoro ikaruka 30 na kitu, ikatulia tena 9.8. Yaani ikiwa inaanguka kweli kweli, ndo inasema haina kitu, na ikilala ndo inasema ina mchapuko. Dunia imepinduka.

chaki_na_vumbi:
Haijapinduka. Ikianguka hakuna anayeisukuma, kipande ndani kinaelea, ndo maana 0. Watu walioko kwenye chombo kinachozunguka dunia wanaelea kwa sababu hiyo hiyo, wanaanguka muda wote pamoja na chombo chao, sio kwamba mvutano umeisha kule.

spana13:
Wacha na mimi fundi nichangie, maana BwanaKilo anasema nyutoni ni za mitihani. Mi nyutoni zimenikata bolti.

Kuna spana ya torki, ile inayokuambia umekaza kiasi gani. Ya kwangu ya kwanza nilinunua iliyotumika, kwenye mpini ina namba tu, maandishi yameshafutika. Kitabu cha injini kikasema bolti ya mm 6 ikazwe 9 Nm, mi nikaweka 9, nikavuta, nikavuta, naona mbona haifiki, nikaongeza mwili. Taaa. Kichwa cha bolti mkononi na mwili wake umebaki ndani ya injini. Kumbe ile spana namba zake zilikuwa za kilo-mita, zile za zamani za kgf·m. 9 za kule ni kama 88 Nm! Siku mbili nzima natoboa bolti iliyobaki.

Kwa hiyo "kilo ya nguvu" na nyutoni sio maneno ya shuleni. Kilo-kani 1 ni nyutoni 9.8, ukikosea unakosea karibu mara 10, na ndo ubaya wake, unaona kama nukta tu imehama.

Upepo nao hivyo hivyo, geji zingine zimeandikwa psi, zingine bar, kompresa za zamani kg/cm², na vitabu vipya kilopaskali. Psi 32 ni kama bar 2.2 ambayo ni kama kPa 220. Bar na kg/cm² zimekaribiana sana (kg/cm² 1 ni bar 0.98), hizo hata ukichanganya tairi halitasema kitu.

mdadisi_usiku:
Pole mkuu, nimecheka lakini pole. Ila subiri kwanza. Nm ni nyutoni mara mita, na juzi nimesoma kwamba nyutoni mara mita ni juli, ya nishati. Kukaza bolti ni nishati?

spana13:
Hapo namwachia mwalimu.

chaki_na_vumbi:
Swali zuri kuliko ulivyodhania. Vizio vinafanana, vitu havifanani. Ukisukuma kabati kwa nyutoni 1 likasogea mita 1 *kuelekea unakosukuma*, umetumia juli 1. Kwenye spana ile mita ni urefu wa mpini, imekaa pembeni ya mvuto, haiko kwenye njia yake. Unaweza ukaning'inia kwenye mpini asubuhi hadi jioni bolti isizunguke, torki ipo na juli ni 0. Ikianza kuzunguka ndo unazidisha torki kwa pembe iliyozunguka, kwa radiani, unapata juli. Kwa sababu hiyo torki huandikwa Nm na haiitwi juli, ili watu wasichanganye.

Kwa hiyo kizio ni mlinzi mzuri wa mlangoni ila hamjui kila mtu kwa sura. Mwanafunzi akiniletea mwendokasi = mchapuko × muda mraba, nafuta bila hata kuangalia hesabu, maana m/s² mara s² inabaki mita, na mita sio mwendokasi. Lakini akisahau ile nusu kwenye umbali = ½ × mchapuko × muda mraba, vizio haviwezi kumkamata, nusu haina kizio.

BwanaKilo:
Sawa mmeshinda kwa bolti. Ila mizani yangu bado inasema kilo na nitabaki na kilo. Na mwezini mtu anakuwa mwepesi kwa sababu hakuna hewa, hilo angalau najua.

chaki_na_vumbi:
Hewa haihusiki kabisa BwanaKilo. Mvutano wa mwezi ni mdogo, 1.62 N/kg badala ya 9.8.

Na hapa ndo jibu la swali la tatu la mdadisi. Hakuna anayedanganya ila mizani inabahatisha kidogo. Ile ya kukanyaga inapima kani, mguu wako unaibonyeza kwa kama nyutoni 588, halafu yenyewe imepangwa kugawa kwa 9.8 na kukuandikia 60. Ipeleke mwezini itakwambia una kilo 10, na hujapungua hata gramu. Mizani ya kulinganisha, ile ya mawe upande mmoja, hata mwezini ingesema 60 kwa sababu mawe nayo yamekuwa mepesi. Hata hapa hapa duniani 9.8 haifanani kila mahali, kwenye ikweta ni kama 9.780 na kwenye ncha za dunia 9.832, kwa hiyo mizani ya kukanyaga iliyopangwa nchani ukiileta ikweta inakupunguzia gramu kama 300 za bure. Mwaka 1901 wakubwa wa vipimo wakaona wamalize ubishi, wakachagua 9.80665 iwe ndo ya makubaliano, na ile kilo-kani ya spana13 imetokana na namba hiyo.

nukta_nne:
Nimesoma kimya kimya muda wote, niongeze moja kwa BwanaKilo anayedhani ni maneno tu. 1998 Marekani walirusha chombo kwenda sayari ya Mars, kinaitwa Mars Climate Orbiter, kikafika 1999. Programu ya upande mmoja ilikuwa inatoa misukumo ya injini ndogo ndogo kwa paundi-kani mara sekunde, upande wa pili wanapokea wakidhani ni nyutoni mara sekunde. Tofauti ni mara 4.45. Kila msukumo ulikuwa kitu kidogo tu lakini kosa likajikusanya safari nzima, kilitakiwa kipite kama kilomita 226 juu ya sayari, hesabu za baadaye zikaonyesha kilipita kama 57. Hakikusikika tena.

Namba zilikuwa sahihi pande zote mbili, hilo ndo linauma.

spana13:
Hao wamepoteza chombo kizima na mi nalia na bolti.

nukta_nne:
@mdadisi_usiku kama unataka kuipata hiyo 9.8 bila simu, funga nati kwenye uzi wa mita 1, ining'inize, ivute kidogo tu pembeni, hesabu kwenda na kurudi mara 20, gawa muda kwa 20. Halafu chukua 39.48 zidisha urefu wa uzi kwa mita, gawa kwa muda wa mzunguko mmoja ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe. Hiyo 39.48 ni 4π². Na angalia kizio: mita gawanya sekunde mraba. Imetoka yenyewe.

mdadisi_usiku:
Nimefanya, familia inaniangalia kama nimechanganyikiwa. Mara 20 sekunde 40.3, mmoja ni 2.015. Nimepata 9.72. Dunia ya huku imepungua au ni mimi?

nukta_nne:
Uzi umeupima kutoka wapi hadi wapi?

mdadisi_usiku:
Kutoka kwenye msumari hadi pale nilipofunga fundo juu ya nati. Mita 1 kamili, nimeipima mara mbili.

nukta_nne:
Inapimwa hadi katikati ya nati, sio hadi fundo. Nati yako ina upana gani?

mdadisi_usiku:
Sentimita 2.

Dah. Kwa hiyo 1.01. Nimepiga upya, 9.82.