Jumamosi ya Liverpool (kikundi cha familia)

Salim: Shikamooni. Shangazi Mwajuma na ba'mdogo Hamisi wanashuka stesheni ya Lime Street Jumamosi saa nne asubuhi, treni ya London. Naweka mpango hapa ili nisipigiwe simu na kila mtu.

Ba'mdogo Hamisi: Mpango ni mmoja. Anfield.

Zuhura: 😂😂 nilijua tu

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mimi mpira siujui, nataka kuuona mji.

Salim: Tunaanzia mtoni. Kuna majumba matatu makubwa yamepangana. Liver Building ni la 1911, juu ya minara wamekaa ndege wawili wa shaba.

Ba'mdogo Hamisi: Ndege wa kwenye jezi ya Liverpool!

Salim: Hao hao. Wenyeji wanasema siku wakiruka, mji umekwisha. Na saa yake, shangazi, ina upana wa mita 7.6. Big Ben haioni ndani.

Zuhura: Makumbusho ya utumwa je? Nilitaka waone

Salim: Yamefungwa tangu Januari 2025, yanakarabatiwa. Lakini nitawapitisha Town Hall, ukumbi wa mji, ni jirani tu. Inueni macho ukutani: wamechongwa tembo, mamba na vichwa vya Waafrika. Ni jengo la karne ya 18, meli za mji huu zilikuwa zikisafirisha watumwa.

Shangazi Mwajuma: Yaani wameweka na vichwa vyetu kama pambo?

Salim: Ndiyo, shangazi. Biashara yao waliitangaza ukutani.

Bibi: Subhanallah. Na hiyo adhuhuri mnaswali wapi?

Salim: Bibi, hilo nilishalipanga. Kuna msikiti wa Abdullah Quilliam, Brougham Terrace. Alikuwa mwanasheria wa hapa hapa, akasilimu 1887, msikiti ukafunguliwa hapo 1889. Ni miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa Uingereza. Ukiuona kwa nje utadhani nyumba ya mtu.

Bibi: Mzungu? Mwaka huo? Mashallah. Nipigieni picha.

Ba'mdogo Hamisi: Na hapo si ndiyo njia ya Anfield 😎

Salim: Ndiyo, ba'mdogo. Ila kabla ya hapo tunapita Hope Street. Kanisa kuu la Waanglikana upande huu, la Wakatoliki upande ule, barabara moja. La Waanglikana lilianza 1904 likaisha 1978. Aliyelichora, Giles Gilbert Scott, alikuwa Mkatoliki, na ndiye aliyebuni vile vibanda vyekundu vya simu. Kuingia bure. Mnarani kwa tiketi: lifti, halafu ngazi 108.

Shangazi Mwajuma: Ngazi ngapi? Na goti hili? Nitawasubiri chini.

Zuhura: Shangazi na wewe uwanjani utafanya nini saa nzima

Salim: Atapumzika Stanley Park, iko kati ya Anfield na Goodison, uwanja wa Everton. Ina ziwa na jumba la vioo. Everton wanaume walishahamia uwanja mpya bandarini 2025. Na ujenzi wa huko bandarini ndio ulifanya UNESCO waufute mji kwenye orodha ya urithi wa dunia, 2021.

Ba'mdogo Hamisi: Everton tena. Hata urithi wametupotezea.

Bibi: Hamisi, dada yako usimwache kwenye baridi kwa ajili ya mpira.

Ba'mdogo Hamisi: Sawa mama. Salim, tiketi ya ziara ya uwanja nunua moja tu.