Naomba ushauri: nani anauelekeza moyo wa kiinitete ujikunje kulia?

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la ukuaji wa kiinitete na nimekwama, naomba mnisaidie.

Hadi hapa naelewa: kwenye kinundu (node, kishimo kidogo) cha kiinitete cha panya, silia (vinywele vidogo sana vya seli) huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Kisha jeni ya Nodal huwaka upande wa kushoto, nayo huiwasha jeni nyingine, Pitx2. Mwaka 2002 Nonaka na wenzake waliugeuza mkondo huo kwa pampu, na viungo vikapinduka. Inapendeza mno!

Shida ni Pitx2. Panya asiye na jeni hiyo, pafu lake la kushoto hugawanyika sehemu nyingi kama la kulia, lakini mrija wa moyo (moyo ukiwa bado mchanga) bado hujikunja kulia kama kawaida. Vitabu vya chuo nilivyopitia vinachora mshale mmoja tu, kutoka Pitx2 hadi kila kiungo.

Sasa, moyo unapata wapi amri ya kwenda kulia: kwa Nodal moja kwa moja, au kuna njia nyingine? Na kwa kifaranga, ambaye hategemei mkondo wa silia, kushoto kunaanza kutambulika vipi?

Mwenye mchoro mzuri wa kufundishia, nitashukuru sana.